Sifa ya José Mourinho na Mchezo wa Komeo

Kiswahili cha viwanja vya mpira kina msemo ambao haukutungwa na mshairi wala haukupitishwa na kamati ya lugha, nao umeenea bara na pwani: kupaki basi. Timu ikiwarudisha wachezaji wake wote nyuma, ikaziba kila njia iendayo golini kwake, ikakaa kungoja dakika ziishe, watazamaji husema imepaki basi, na hapana haja ya kuwafafanulia zaidi. Misemo ya namna hii aghalabu haina baba ajulikanaye. Huu unaye. Mwezi wa Septemba 2004 Tottenham walikwenda Stamford Bridge kucheza na Chelsea, wakatoka sare bila ya bao, na mwalimu wa Chelsea, Mreno aliyekuwa na miezi michache tu katika Uingereza, akalalamika kwamba wageni wake walikuja na basi lao wakaliacha mbele ya goli. Msemo wenyewe alisema ni wa kwao Ureno. Yeye aliufasiri kwa Kiingereza, na kufasiri ndiyo kazi iliyomfungulia mlango wa timu kubwa. Waingereza wakauchukua, na Waswahili nao wakaupokea kwa Waingereza. Kisha ukamgeukia aliyeuleta. Leo atajwapo José Mourinho, basi hutajwa pamoja naye, na ni wachache wakumbukao kwamba siku ya kwanza alilitaja kwa kumshutumu mwingine.

Ya kuwa sifa ya mtu huyu imeshuka, hapana abishaye. Aliyekuwa akigombewa na matajiri wa Ulaya aliachishwa kazi mara tano katika miaka kumi: na Chelsea Desemba 2015, na Manchester United Desemba 2018, na Tottenham Aprili 2021, na Roma Januari 2024, na Fenerbahçe ya Uturuki Agosti 2025. Yanayobishaniwa ni sababu. Hukumu ya wengi ni fupi: mchezo wake ni wa kujilinda, mchezo wa kujilinda ni mbaya, na dunia imeuchoka. Hukumu hii ina upungufu mmoja ambao mhakiki wa sanaa yoyote angeuona mara moja. Mchezo uliolaumiwa mwaka 2018 kuwa ni uoga ndio uliosifiwa mwaka 2010 kuwa ni hekima, na waliolaumu na waliosifu walikuwa watu wale wale. Ama walikosea mara ya kwanza, ama walikosea mara ya pili, ama michezo ile miwili, ingawa ilifanana kwa sura, haikuwa mchezo mmoja. Jambo hili la tatu ndilo linalostahili kuchunguzwa.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba kujilinda ni fani yenye ukoo wake. Katika miaka ya 1930 Karl Rappan, Mwaustria aliyefundisha katika Uswisi, aliona kwamba wachezaji wake, ambao wengi walikuwa na kazi nyingine za kuwapatia riziki, hawawezi kushindana kwa mbio na nguvu na watu walioajiriwa kwa mpira tu. Akamtoa mchezaji mmoja mbele, akamweka nyuma ya walinzi wenzake, asiwe na adui wa kumfuata, bali akae tayari kuokota kila mpira uliowapita wenziwe. Waswisi wakaliita jambo hilo kwa jina la komeo la mlango. Mwaka 1938, katika Kombe la Dunia mjini Paris, Uswisi iliyo ndogo iliitoa Ujerumani kwa mabao 4 kwa 2. Baada ya vita vya pili Waitalia wakalichukua komeo hilo, nao wakaliita kwa jina lenye maana ile ile katika lugha yao, catenaccio, na timu maskini za miji midogo zikaweza kusimama mbele ya Milan na Torino bila kufedheheka.

Hapa ndipo penye fundo. Komeo lilibuniwa na mnyonge. Mwenye nyumba asiye na walinzi hufunga mlango, na hapana amwitaye mwoga. Novemba 2012, mjini Glasgow, Celtic iliishinda Barcelona mabao 2 kwa 1 ilhali Barcelona walikuwa na mpira karibu muda wote. Bao la kwanza lilifungwa kwa kichwa na Victor Wanyama wa Kenya, na hapana gazeti la Nairobi lililouliza kwa nini Celtic hawakufunguka. Walakini Helenio Herrera alipolichukua komeo akalitia katika Inter ya Milan, timu tajiri yenye wachezaji wa kuchagua, watu walianza kununa. Herrera, mzaliwa wa Argentina aliyekulia Casablanca, alitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na tena mwaka 1965. Mwaka 1967 mjini Lisbon timu yake ilipata bao la penalti katika dakika ya saba, ikarudi nyuma kufunga mlango, na Celtic ile ile ya Glasgow, yenye vijana waliozaliwa wote karibu na mji wao, ikaugonga mlango kwa dakika themanini hata ukavunjika: mabao 2 kwa 1. Ulaya nzima ilishangilia kama kwamba haki imetendeka. Yaonekana basi kwamba watazamaji hawauchukii mchezo wa kujilinda kwa kuwa ni wa kujilinda. Wanachokichukia ni kumwona mwenye mali akijifanya maskini.

Mourinho alizaliwa Setúbal mwaka 1963, mwana wa golikipa. Si neno dogo hilo kwa anayetaka kufahamu fikira zake, kwani golikipa ndiye mtu wa pekee uwanjani ambaye kazi yake yote ni kuzuia lisitokee. Yeye mwenyewe hakucheza mpira kwa kiasi cha kukumbukwa. Aliingia katika timu kubwa akiwa mkalimani wa Bobby Robson, Mwingereza aliyefundisha Sporting, kisha Porto, kisha Barcelona; na katika Barcelona akabaki na Louis van Gaal hata mwaka 2000. Wapinzani wake wa Barcelona walimwita mkalimani kwa kumdharau hata alipokuwa maarufu. Lakini mkalimani mwema husikiliza kuliko wanenao, na miaka ile ya kusikiliza aliipata kwake elimu ambayo wengi waliocheza mpira miaka ishirini hawakuipata.

Porto ilimchukua Januari 2002. Mwaka 2003 ilipata Kombe la UEFA, na mwaka 2004 Kombe la Mabingwa kwa kuishinda Monaco mabao 3 kwa bila. Chelsea, iliyomfuata kwa fedha, ilimaliza ligi ya mwaka 2005 na pointi 95, na katika michezo 38 ilifungwa mabao 15 tu. Hesabu hiyo ya 15 hutajwa kila mara kuthibitisha kwamba Mourinho alikuwa mtu wa komeo tangu mwanzo. Hutajwa mara chache kwamba Chelsea hiyo hiyo ilifunga mabao 72, kwamba pembeni walikuwako Arjen Robben na Damien Duff waliokimbia kama walioitwa kwao, na kwamba mbele alisimama Didier Drogba wa Ivory Coast, ambaye walinzi wawili hawakumtosha. Ulinzi wa Chelsea ile ulikuwa nusu ya kwanza ya mstari. Nusu ya pili ilikuwa shambulio, na moja halikusomeka bila ya jingine. Asomaye ubeti kwa kuhesabu mizani ya kipande cha kwanza na kukiacha cha pili hakuusoma ubeti.

Mchezo ambao kwa huo sifa ya Mourinho ilifika kileleni ulichezwa Barcelona usiku wa tarehe 28 Aprili 2010, na unastahili kutazamwa kwa kituo. Wiki moja kabla yake Inter walikuwa wameishinda Barcelona mjini Milan mabao 3 kwa 1. Majivu ya volkano ya Iceland yalikuwa yamefunga anga la Ulaya, na Barcelona walilazimika kusafiri kilomita karibu elfu moja kwa gari. Kwa hiyo katika habari hii yote timu iliyokuja na basi kwa kweli ilikuwa Barcelona. Mabao matatu ya Inter siku ile yalifungwa na Wesley Sneijder, Maicon ambaye ni mlinzi, na Diego Milito. Hayakuja kwa kungoja. Inter walishambulia.

Katika mchezo wa marudio Thiago Motta alitolewa kwa kadi nyekundu katika dakika ya 28. Watu kumi waliobaki walikuwa na dakika zaidi ya sitini mbele yao, katika uwanja wa watu karibu laki moja, juu ya timu iliyokuwa bora kupita zote za zama zile. Ndipo Mourinho alipofanya jambo ambalo lilikuwa la ajabu katika fani hii. Baadaye alieleza kwamba timu yake haikuutaka mpira. Kwa kuwa Barcelona walikuwa hodari wa kupokonya, na anayepokonywa hukutwa hayupo mahali pake, basi aliye salama ni yule asiye na kitu cha kupokonywa. Inter wakaurudisha mpira kwa wenyewe kila walipoupata. Samuel Eto'o wa Kameruni, mfungaji ambaye mwaka uliotangulia alichukua Kombe la Ulaya katika jezi ya Barcelona yenyewe, alicheza usiku ule kama mlinzi wa pembeni, akikimbizana na watu ambao zamani walimpa pasi. Julio Cesar aliunyoosha mwili wake wote akaligusa shuti la Messi kwa ncha za vidole. Gerard Piqué alifunga moja dakika ya 84. Bojan alifunga jingine dakika za nyongeza, na refa akalikataa kwa sababu mpira ulikuwa umegusa mkono wa mwenzake. Kipenga kilipolia Mourinho alikimbia uwanjani kidole kikiwa juu, golikipa wa Barcelona akamwendea kumzuia, na mtu fulani akafungulia maji ya kunyunyizia majani ili sherehe iishe.

Je, usiku ule ulikuwa na uzuri? Waliokana walisema kwamba mchezo ni kuucheza mpira, na asiyeutaka mpira hachezi. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Uzuri wa kazi ya sanaa hautokani na wingi wa mapambo bali na jinsi kila kitu kilichomo kinavyokuwa na sababu ya kuwamo. Siku ile kila kitu kilikuwa na sababu. Inter walikuwa na mali ya kulinda, nayo waliipata kwa kushambulia. Walikuwa pungufu kwa mtu mmoja. Na mbele yao palikuwa na adui ambaye kumkabili kwa silaha yake ni kujiua. Kujizuia kwao kulikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na kitu kilichozuiliwa. Na mwezi uliofuata, mjini Madrid, Milito aliwafunga Bayern mabao mawili kwa mashambulio ya haraka na ya kupendeza, na Inter ikapata Kombe la Ulaya ambalo haikuligusa tangu siku za Herrera, miaka 45.

Kutoka hapo yamkini msomaji angetazamia kwamba anguko lilianza mara moja, lakini Madrid yakataa. Ni kweli kwamba mnamo Novemba 2010 Real Madrid ya Mourinho ilipigwa na Barcelona mabao 5 kwa bila, na kwamba Aprili iliyofuata, timu hizo zilipokutana mara nne katika siku 18, alimtoa mlinzi Pepe nyuma akamtia katikati ili auvuruge mchezo wa wengine. Lakini mwaka 2012 Madrid hiyo ilichukua ligi kwa pointi 100 na mabao 121, idadi ambayo katika ligi ya Hispania haikuwahi kufikiwa kabla yake. Mtu wa mabao 121 hawezi kuitwa mtu wa komeo bila ya maelezo. Kilichoharibika Madrid hakikuwa mchezo. Kilikuwa maneno.

Maneno ya Mourinho ni sehemu ya fani yake, wala hayapaswi kudharauliwa kama porojo za magazeti. Alipowasili Uingereza mwaka 2004 alijitangaza kuwa ni mtu wa pekee, na watu wakacheka, wakapenda. Majigambo ni fani ya kale. Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zimejaa kujisifu, na hapana mzee wa Pate aliyemwona Liyongo mpuuzi kwa hayo. Jigambo lina kazi yake: shujaa hujiweka mbele ili mishale yote imwelekee yeye, na walio nyuma yake wapate nafasi. Ndivyo ilivyokuwa Porto, Chelsea na Milan. Magazeti yalishughulika na mwalimu, wachezaji wakalala usingizi. Marco Materazzi, beki mwenye sura ya kuogofya, alikumbatiana naye nje ya uwanja wa Madrid usiku wa fainali ya 2010, wakalia wote wawili kama watoto wanaoachana.

Lakini jigambo lina sharti: tendo liwe karibu. Tendo likiwa mbali, jigambo hugeuka kumbukumbu, na kumbukumbu ikirudiwa mno hugeuka ombi. Agosti 2018 Manchester United walifungwa na Tottenham mabao 3 kwa bila nyumbani kwao. Mourinho aliwaonyesha waandishi vidole vitatu, akasema ni matatu ya mabao lakini pia ni matatu ya ubingwa wa Uingereza, na kwamba ameupata mara nyingi kuliko walimu wengine kumi na tisa wakijumlishwa. Akadai heshima, akaondoka. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba aliyesema hivyo ni yule ambaye miaka kumi na minne nyuma hakuomba heshima, aliichukua.

Na mishale nayo ilikuwa imebadili njia. Tangu Madrid, ambako alimweka pembeni golikipa na nahodha Iker Casillas, maneno yalianza kuwaelekea watu wa nyumbani. Chelsea ilipomrudia, alichukua ubingwa mwaka 2015, kisha mwezi Agosti wa mwaka huo huo akamlaumu hadharani daktari wa timu kwa kuingia uwanjani kumtibu mchezaji aliyelala chini. Kufika Desemba bingwa alikuwa wa 16, ameshindwa michezo 9 katika 16. Manchester alimkemea Luke Shaw mbele ya dunia na kumvua Paul Pogba unaibu wa nahodha. Yawezekana kila moja la makosa hayo lilikuwa na sababu. Lakini walinzi hulipwa kwa maneno. Mfungaji hupata ujira wake papo kwa papo, uwanja unaposimama kumshangilia. Aliyekimbia mita sitini kurudi kuziba pengo ambalo halikupitwa hashangiliwi na mtu, kwa sababu hapana kilichotokea. Ni mwalimu peke yake ajuaye. Eto'o alikubali kuwa beki usiku mmoja wa Aprili kwa kuwa aliamini kwamba kuna mtu anayeona. Mwalimu akishakuwa mshitaki, kujilinda huwa kazi ya mtumwa, na mtumwa hujilinda mpaka msimamizi atazame upande wa pili.

Ndipo Sevilla inapofaa kuwekwa kando ya Barcelona. Februari 2018 Manchester United, timu iliyomnunua Pogba mwaka 2016 kwa bei ambayo wakati ule haikuwahi kulipwa duniani, ilikwenda Hispania ikatoka bila kufunga wala kufungwa, golikipa David de Gea akiokoa. Wiki tatu baadaye, nyumbani, ilicheza kwa hadhari ile ile, kama kwamba ina kitu mkononi. Haikuwa na kitu. Sare isiyo na bao ugenini si mali. Ni deni lililoahirishwa. Wissam Ben Yedder aliingia akitoka benchi akafunga mawili katika dakika chache, na bao la Romelu Lukaku likaja mlango umekwisha fungwa kwa upande wa nje. Siku chache baadaye Mourinho alitoa hotuba ndefu kwa waandishi juu ya urithi wa timu yake, akihesabu mwaka kwa mwaka ilivyokuwa ikishindwa Ulaya kabla yake. Usiku wa 2010 komeo lilikuwa na nyumba nyuma yake. Wa 2018 ulikuwa komeo lililopigiliwa ukutani.

Wapo wanaosema kwamba hakubadilika yeye, mpira ulibadilika. Wana haki kwa sehemu. Timu za Pep Guardiola na Jürgen Klopp zilifundisha washambuliaji kuupokonya mpira pale pale walipoupoteza, karibu na goli la adui, hata anayerudi nyuma kungoja nafasi ya kutoka mbio akakuta mlango wa kutokea nao umefungwa. Mwaka 2018 Manchester City ilimaliza na pointi 100 na mabao 106. United ya Mourinho ilikuwa ya pili, pointi 19 nyuma, na mabao 68. Yeye alisema baadaye kwamba nafasi ile ya pili ni miongoni mwa kazi bora za maisha yake, watu wakamcheka; miaka iliyofuata katika timu ile imewapunguzia wengi kicheko. Hata hivyo, kubadilika kwa mpira hakuelezi yote. Kevin De Bruyne, aliyekuwa moyo wa City ile, na Mohamed Salah wa Misri, aliyefunga mabao 32 katika ligi mwaka ule kwa Klopp, wote wawili walikuwa mikononi mwa Mourinho katika Chelsea, wakaondoka bila kupewa nafasi ya kutosha. Zama mpya zilipita mbele ya dirisha lake, naye akazifungulia mlango zitoke.

Tottenham ilionyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi, kwa kuwa ilikuwa na Harry Kane na Son Heung-min, na katika majira ya vuli ya 2020 iliifunga Manchester United mabao 6 kwa 1 kwao, ikaongoza ligi. Lakini Oktoba hiyo hiyo, ikiwa mbele ya West Ham kwa mabao 3 kwa bila huku dakika 82 zimepita, ilirudi nyuma kulinda, ikarudishiwa yote matatu. Machi 2021 ilikwenda Zagreb na mabao mawili ya akiba. Mislav Oršić akafunga matatu peke yake. Ulinzi ulioshindwa kulinda hauna hata utetezi wa komeo.

Roma ni habari nyingine, na wenye haraka ya kumzika Mourinho huiruka. Alifika mwaka 2021 katika mji ambao timu yake haikupata kombe lolote tangu 2008. Alifungwa mabao 6 kwa 1 na Bodø/Glimt ya Norway, mji mdogo wa kaskazini mwa dunia, na nusu ya Italia ikasema kwisha kazi. Aprili 2022 timu hiyo hiyo ilikuja Roma ikapigwa 4 kwa bila. Mwezi uliofuata, mjini Tirana, bao moja la Nicolò Zaniolo dhidi ya Feyenoord lilileta kombe la tatu kwa ukubwa katika Ulaya, na Mourinho akalia mbele ya kamera pasipo kujificha. Roma haikuwa tajiri kama Chelsea wala Madrid. Kwa mara ya kwanza tangu Porto, komeo lilikuwa mikononi mwa aliyelihitaji, na uwanja wa Olimpico ulijaa kila wiki kuja kutazama mchezo ambao Manchester waliupigia miayo. Mwaka 2023 alishindwa na Sevilla fainali nyingine, kwa penalti, akamfuata refa Anthony Taylor hata penye maegesho ya magari kumtukana, akafungiwa michezo minne. Ligi mara mbili ya sita. Januari 2024, akiwa wa tisa, aliachishwa.

Herrera naye alitoka Inter akaenda Roma. Ilikuwa mwaka 1968, naye alipata huko Kombe la Italia mwaka 1969, kombe dogo kwa mtu wa makombe makubwa. Katika uzee wake alikuwa na lalamiko moja: kwamba walioiga komeo lake waliiga walinzi wakamsahau Giacinto Facchetti, beki wake wa kushoto, ambaye aliruhusiwa kukimbia hata goli la adui na kufunga. Walichukua kufuli wakaacha ufunguo. Mourinho hawezi kulalamika hivyo juu ya wengine, kwa sababu katika miaka ya Manchester na Tottenham aliyemwiga vibaya Mourinho wa Porto na Milan alikuwa Mourinho mwenyewe.

Agosti 2025 Fenerbahçe ilitolewa na Benfica katika mchujo wa Kombe la Mabingwa, kwa bao moja, na kwa sababu hiyo ikamwachisha kazi. Septemba, Benfica hiyo hiyo ikamwita. Alikuwa ameifundisha mara moja zamani, mwaka 2000, kwa muda usiotimia miezi mitatu, wakati msemo wa basi ulikuwa bado haujavuka mpaka wa Ureno.